Kabla hujamnunulia mtoto "dawa ya akili"

Kila Aprili na Oktoba, Siku za Afya ya Mtoto zinapofika hapa Uganda, kwenye dirisha letu la dawa huja swali lilelile: "Musawo, ile vitamini ya matone haiwezi kumtuliza mtoto darasani?" Haiwezi. Ile ni vitamini A, hutolewa kila baada ya miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, kwa ajili ya macho na kinga ya mwili. Mtoto wa darasa la tatu ameshavuka umri huo. Lakini swali limezidi, na pamoja nalo malalamiko ya wazazi waliomaliza pesa kwenye chupa zisizobadilisha kitu, ndiyo maana kitengo chetu cha famasia kimeniomba niandike.

Juzijuzi mama mmoja mchuuzi wa mukene, wale dagaa wadogo, alitoa chupa nne kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, akazipanga kaunta. Mwanawe ana miaka saba. Mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu nyuma ya daftari: hatulii, atafutiwe dawa. Chupa ya kwanza ilikuwa mafuta ya ini la samaki. Ya pili, multivitamini za kutafuna zenye umbo la dubu. Ya tatu, dawa ya maji ya kuongeza damu. Ya nne ilikuwa unga wa kahawia, hauna orodha ya vilivyomo, una picha ya ubongo unaong'aa tu.

Tulichukua kalamu. Vitamini A ya chupa ya kwanza na ya pili, kwa vipimo alivyokuwa akimpa, ilifika mikrogramu 1,500 kwa siku. Mtoto wa miaka minne hadi minane hatakiwi kuzidi 900. Vitamini C ikizidi hutoka na mkojo. Vitamini A hubaki, hujikusanya kwenye ini, na ikiendelea hivyo huleta kichwa kuuma, kutapika, maumivu ya mifupa na madhara ya ini lenyewe. "Lakini si vitamini?" aliniuliza. Ndiyo, ni vitamini. Hata chumvi ni chumvi, mpaka uimwage nusu kilo kwenye sufuria.

Kuhusu omega-3, mafuta yaliyomo kwenye samaki, tafiti zilizofanywa kwa watoto zimeona faida ndogo, na nyingine hazikuona kitu. Kama ni mafuta hayo unayatafuta, mukene anayo. Yule mama alicheka nilipomwambia, kisha akanuna, maana chupa ile ilikula faida yake ya wiki nzima.

Kirutubisho huziba pengo. Kama pengo halipo, hakina cha kuziba. Pengo linaloonekana mara nyingi kwetu ni la madini ya chuma: malaria ya kujirudia, minyoo ya safura, sahani ya posho (ugali) na maharage kila siku, halafu chai juu yake, na chai huzuia chuma kufyonzwa. Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka, husinzia, husahau. Huyo atasaidika. Lakini apimwe damu kwanza, apewe dozi kwa uzito wake, kisha apimwe tena.

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Vile vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama hupewa kliniki ya wajawazito vina miligramu 60 za chuma kila kimoja. Kwa mtoto wa kilo kumi, vidonge kumi vinatosha kumtia hatarini. Atatapika, ataharisha, kisha baada ya saa kadhaa ataonekana amepata nafuu, nanyi mtashukuru Mungu na kurudi kulala. Nafuu hiyo ni ya uongo. Akivimeza, usingoje dalili wala usimnyweshe maziwa ukidhani ni dawa. Panda boda uje, na pakiti mkononi.

Sukari nayo haimfanyi mtoto kuwa na tatizo la umakini. Tafiti zilizompa mtoto sukari bila mzazi kujua hazikuona tofauti. Mpunguzie kwa ajili ya meno.

Kabla ya kutaja ADHD, tatizo la kukosa umakini na kutotulia, kuna mambo ya kuondoa mezani. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi gari la shule, na kulala saa nne usiku baada ya kazi za nyumbani, amelala saa saba. Wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji tisa hadi kumi na mbili. Mwingine sikio limetoa usaha tangu utotoni na hasikii vizuri kutoka benchi la nyuma katika darasa la watoto tisini. Mwingine "anaota mchana", kumbe ni kifafa kile cha kuduwaa sekunde chache bila kuanguka. Wengine waliugua malaria ya ubongo. Watafiti waliowafuatilia watoto hao katika hospitali ya Mulago, Kampala, walikuta karibu robo yao bado wana upungufu wa kufikiri na kukumbuka miaka miwili baadaye. Na jambo ambalo wengi hawalijui: phenobarbital, dawa ya kifafa tunayoitoa sana, yenyewe inaweza kumfanya mtoto awe mtukutu na asitulie. Ukihisi hivyo, njoo tuzungumze. Usiikatize nyumbani, kifafa kitarudi kwa nguvu.

ADHD halisi ipo, hailetwi na malezi mabaya wala na jirani. Dalili huwa zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi sita au zaidi, na zinaonekana mahali pawili au zaidi. Anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, tazameni kwanza darasa hilo. Kwa walio chini ya miaka sita tunaanza na mafunzo kwa wazazi. Kwa wakubwa, dawa iitwayo methylphenidate husaidia wengi, lakini hupunguza hamu ya kula, hufukuza usingizi na hupandisha mapigo ya moyo, kwa hiyo uzito, urefu na shinikizo la damu vipimwe kila mara.

Dawa hiyo imo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Maana yake dirishani ni hii. Cheti cha daktari kiwe na jina kamili la mtoto, umri, uzito, dozi kwa tarakimu na kwa maneno, idadi ya siku, tarehe, sahihi na muhuri. Kikikosa kimoja, tunakirudisha. Nakala haikubaliki, picha ya simu haikubaliki. Tunahesabu vidonge mbele yako, unatia sahihi kwenye daftari la dawa zinazodhibitiwa, nasi tunatia yetu. Unapokuja mara ya pili, lete pakiti tupu na vilivyobaki. Visipolingana na tarehe, tutauliza. Vikipotea, tuletee barua ya polisi. Si kwamba tunakushuku, ni kwamba mkaguzi akija hanisikilizi mimi, anasoma daftari.

Wapo wanaosema sheria ya dawa za kulevya ilifutwa. Iliyofutwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2023 ni ile ya 2015. Bunge limeshapitisha nyingine. Kumgawia mtoto wa dada yako vidonge vya wako ni kosa hata kama hukupokea shilingi. Na shangazi aliye kyeyo, yaani kazini ughaibuni, anayetaka kutuma chupa ndani ya kifurushi cha nguo, mwambieni asitume.

Duka la dawa la mtaani limepewa leseni ya dawa za kundi C tu, zile zisizohitaji cheti cha daktari. Likikuuzia methylphenidate, ama linavunja sheria ama kilichomo si methylphenidate. Na pindi lebo inaposema "inatibu", hicho si chakula tena, ni dawa, na dawa husajiliwa NDA, mamlaka ya taifa ya dawa. Alama ya ubora ya Q ya UNBS, shirika la viwango, haigeuzi unga kuwa tiba. Matangazo ya redioni nayo hutakiwa kupitishwa na NDA kabla hayajasomwa, nami nikiyasikiliza kwenye taksi asubuhi huwa najiuliza kama mtangazaji anajua hilo.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, omba barua ya kwenda kwa mhudumu wa afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Wakikupeleka Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, nenda. Kuna huduma ya watoto pale, na mtoto harudi na muhuri kwenye paji la uso.

Ukija kwetu, beba kila kitu ambacho mtoto amekunywa tangu muhula uanze: chupa tupu, mizizi iliyofungwa kwenye gazeti, ule unga wenye picha ya ubongo, hata kile ulichopewa na mama mkwe na unaona haya kukitaja. Hatumgombezi mtu. Yule mwenye unga nilimgombeza kidogo, lakini alirudi wiki iliyofuata na matokeo ya damu, na mtoto tumempeleka kupimwa masikio.