Msilizike tope kwa sababu linanuka

Juzi tena. Kikaoni, mzee mmoja wa ofisi akanyanyua simu yenye picha ya tope nililolichota Simba Uranga, mkono mmoja wa mto Rufiji, jeusi kama lami, akatangaza kwamba delta ya Rufiji imekufa. Ushahidi? Rangi na harufu. Wajumbe wakaguna, mimi nikatazama dari. Kazi yangu ni kuhesabu wanaoishi ndani ya tope hilohilo, na wakati ule walikuwa wamejaa tele kwenye chupa zangu wakisubiri darubini.

Nahodha wetu naye, siku ya kwanza, alishika pua: "Mtaalamu, kitu chako kinanuka mayai viza." Kinanuka, ndiyo. Tofauti ni kwamba nahodha hakuandika ripoti.

Harufu tuimalize haraka. Tope la mikokoni lina chembe ndogo zilizobanana, oksijeni bila msaada wa mashimo inapenya milimita chache tu basi. Juu yake kuna mikoko, delta nzima makumi ya maelfu ya hekta, na majani yake hayaachi kudondoka. Bakteria wa chini, wakikosa oksijeni, wanapumua salfeti, ambayo maji ya bahari yanayo bure, karibu gramu 2.7 kwa lita. Wanachotoa ni haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu na ile harufu ya mayai viza. Pua ya binadamu inainasa hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni, kwa hiyo ukiniambia "linanuka" hujaniambia kitu.

Weusi ndio unaonikera zaidi, maana watu wanausoma kinyume. Mto unashusha chuma. Chuma kikikutana na salfaidi vinashikana na kuwa kitu cheusi kisichoyeyuka kirahisi. Yaani ile sumu iliyokuwa ikizurura kwenye maji ya topeni, inayoweza kumuua mnyoo, sehemu yake imetiwa pingu. Mlango wa Msimbazi, Dar es Salaam, unapokea majitaka, na tope lake ni jeusi. Rufiji nako ni jeusi. Sasa rangi imetusaidia nini?

Cha kuuliza ni weusi unaanzia wapi. Nadidimiza bomba angavu, nalichomoa, naweka rula: juu ngozi ya kahawia iliyoguswa na oksijeni, chini yake weusi. Ngozi ikiwa na sentimita mbili, natabasamu. Weusi ukifika juu kabisa, pakawa na utando mweupe wa bakteria na hakuna shimo hata moja, hapo naacha utani. Lakini hiyo rula, jamani! Kaa wanatoboa, na mashimo yao yana kuta za kahawia zinazoshuka mbali ndani ya weusi, kwa sababu maji yenye oksijeni yanashuka nao. Bomba likipita kwenye shimo napata ngozi ya sentimita kumi. Nikisogea kiganja kimoja, nusu sentimita. Fomu ina kisanduku kimoja. Naandika wastani, na wastani huo haupo popote kwenye tope.

Kuhusu grabu, taya la chuma la kuchotea tope, sina mengi: shusha, pandisha, kijiti cha mkoko kikikwama kwenye taya, mwaga urudie. Chekeche ni la milimita 0.5. Ukitumia la milimita 1 usije kulinganisha na hesabu zangu, wadogo wako wengi wamerudi majini. Formalini ya kuhifadhia sampuli itie boraksi ya kuzima asidi, la sivyo magamba ya konokono yanaliwa.

Halafu anakuja msomi aliyesikia kwamba aina chache ni dalili ya uchafuzi. Baharini, sawa. Kwenye mlango wa mto chumvi inapanda na kushuka kila maji yanapojaa na kupwa, na masika yakikolea mto unaisukuma nje. Wanaovumilia purukushani hiyo ni wachache, uchafu uwepo usiwepo. Watafiti Elliott na Quintino waliliita jambo hili kitendawili mwaka 2007, nami bado sijakitegua. Mchoro wa mtafiti Remane wa 1934 unaonyesha aina zikipungua mno chumvi ikiwa kati ya gramu 5 na 8 kwa kilo ya maji, ila aliutoa Bahari ya Baltiki, bahari isiyojua bamvua. Nautumia hivyohivyo, roho ikinisuta. Na Capitella, mnyoo tunayemfanya shahidi wa uchafu? Tangu 1976, Grassle na Grassle watafiti wawili, walipomchunguza, tunajua kwamba jina moja linaficha aina kadhaa zinazofanana. Shahidi ana mapacha, na kwa darubini yangu siwezi kuapa nimemkamata yupi.

Ninachoweza kukitetea ni kulinganisha tope na tope lenye chembe zilezile, chumvi ileile, msimu uleule. Ule mchanga mweupe wa mdomoni mwa mto, unaopendwa na wapiga picha, mara nyingi una wakazi wachache kuliko jeusi la nyuma ya mikoko, maana mkondo hauuachi utulie.

Mzee wa ofisi nimemwalika. Bamvua lijalo, maji yakipwa saa nne asubuhi, tunashuka naye. Nimemwambia avue viatu kabla ya kutoka botini. Tope la kule lina tabia ya kubaki na kimoja.