Balbu ya LED nayo hupata joto
Wengi husema balbu ya LED haipati joto, kwa hiyo hata ukiifungia ndani ya kifuniko cha kioo haina neno. Si kweli. Ya wati 9, inayotoa mwanga sawa na balbu ya zamani ya wati 60, huwa vuguvugu tu kichwani. Joto lake hurudi shingoni, karibu na kitako, ilikofichwa saketi. Humo mna kapasita, kijifaa cha kuhifadhi umeme chenye majimaji ndani. Hewa isipopita, joto hujikusanya, kapasita hukauka taratibu, balbu huanza kuwakawaka, kisha hufa mapema, na lawama zote huangukia LED! Kwenye taa iliyofunikwa, funga yenye wati chache zaidi, au ambayo boksi lake linaruhusu taa zilizofungwa.