Mstari wa Mendoza ni nini?

Ukimsikia mchambuzi wa besiboli akisema mchezaji fulani "yuko chini ya Mstari wa Mendoza", usiutafute mstari huo uwanjani. Ni namba tu: wastani wa kupiga wa 0.200. Aliye chini yake yuko pabaya, kama timu iliyoingia eneo la kushuka daraja.

Wastani wenyewe hupatikana hivi: mara ambazo mpigaji aliupiga mpira akafika salama kituoni (mojawapo ya alama nne za uwanjani ambazo wachezaji huzikimbilia), zigawanywe kwa mara alizosimama na rungu kupiga. Akipewa kituo cha bure kwa sababu mrushaji ametupa ovyo, hiyo haihesabiwi. Mwenye 0.300, yaani mara 3 katika 10, ni mpigaji hodari. Ndiyo, besiboli ni mchezo ambao mtu hushindwa mara saba katika kumi na bado akasifiwa. Mwenye 0.200 hufaulu mara moja tu katika tano.

Mendoza je? Ni Mario Mendoza, mzaliwa wa Chihuahua, Meksiko, aliyecheza Ligi Kuu ya Marekani kuanzia 1974 hadi 1982, katika Pittsburgh Pirates, Seattle Mariners na Texas Rangers. Alikuwa shotistopu, mlinzi anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Mwaka 1979, akiwa Seattle, alicheza mechi 148 akamaliza na 0.198.

Magazeti ya Jumapili yalikuwa yakichapa orodha ndefu ya wastani wa wapigaji, na jina lake halikuwa mbali na mkia. Inasimuliwa kwamba wenzake, Tom Paciorek na Bruce Bochte, ndio walioanza utani wa Mstari wa Mendoza, wakamtupia George Brett wa Kansas City alipouanza msimu wa 1980 kwa kusuasua. Brett akaupenda, akausambaza. (Mwaka huohuo alimaliza na 0.390, kwa hiyo utani haukumdhuru.) Kisha mtangazaji Chris Berman wa ESPN akaudaka, na tangu hapo jina la mtu likawa kipimo, kama pishi na kibaba. Siku hizi hutumiwa hata nje ya michezo, kwa chochote kilichofikia kiwango cha chini kabisa kinachovumilika.

Mimi naona alionewa kidogo. Kwanza, hesabu ya maisha yake yote ya ligi hiyo ni mipigo 287 katika 1,337, yaani 0.215: alistaafu akiwa juu ya mstari wenye jina lake. Pili, hakuajiriwa kwa ajili ya rungu. Wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, na mipira yao mingi ya chini huelekea upande wa shotistopu. Anayeidaka na kuitupa kituo cha kwanza kabla mkimbiaji hajafika huzuia mabao ambayo wastani wa kupiga hauyaoni kabisa. Makocha waliyaona, ndiyo maana mtu wa 0.198 alipangwa mechi 148.

Kwao Meksiko walimwita Manos de Seda, Mikono ya Hariri, na mwaka 2000 akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli wa nchi hiyo.