Ukikuta seng'enge ya zamani kwenye kiwanja chako, usiing'oe

Msimu huu wa ujenzi ofisi yetu ya mambo ya kale hapa Tabora imepokea malalamiko kutoka pande mbili. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanasema tunawazuilia mzigo. Wenye viwanja, hasa walio karibu na reli na majengo ya Mjerumani, wanasema wakiamka asubuhi wanakuta mashimo yaliyochimbwa usiku na vijana wenye mashine za kupimia madini. Tumeanza kupita kata kwa kata kutoa elimu, na makala hii ni kwa wale ambao hatujawafikia, pamoja na ndugu zetu wa Kigoma na Ujiji.

Nianze na mashimo, maana yametuchosha. Inasemwa Wajerumani walipokimbia walifukia dhahabu. Chanzo cha uvumi huo hakina siri. Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imewabana na fedha imeadimika, Wajerumani waligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 hapa Tabora, kwenye karakana ya reli. Zina picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka machimbo ya Sekenke. Zilitengenezwa zitumike, si zifukiwe. Katika miaka yote ya kazi yangu sijaona sanduku hata moja la dhahabu likitoka ardhini. Na hiyo mekyuri nyekundu, zebaki inayosemwa ina thamani kubwa, mnayoitafuta kwenye redio na cherehani za zamani haipo, haijawahi kuwapo. Anayekwambia ana mnunuzi anataka nauli yako tu.

Kinachotoka kwenye mashimo hayo ni misumari ya reli, vipande vya chupa, vifungo vya nguo, maganda ya risasi na seng'enge. Vijana wanaitupa pembeni, kisha mtu wa chuma chakavu anaipitia na toroli. Kwetu sisi, hiyo iliyotupwa ndiyo mali.

Seng'enge ilianza kama kitu cha ng'ombe. Mkulima wa Illinois, Marekani, Joseph Glidden, alipata hataza yake mwaka 1874 kwa ubunifu mdogo tu: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja ili mwiba ushikwe usiteleze. Haikupita miaka thelathini ikawa inazuia watu. Katika vita ya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Kitchener lilijenga vibanda vya ulinzi vipatavyo 8,000 na kuviunganisha kwa maelfu ya kilomita za seng'enge. Wanawake na watoto walipelekwa kambini. Makaburu wapatao 28,000 walifia humo, wengi wao watoto. Waafrika waliwekwa kwenye kambi zao peke yao. Vifo vyao vilivyoandikwa vinazidi 14,000, na wanahistoria wanakubaliana kwamba idadi halisi ni kubwa zaidi, kwa kuwa wengi hawakuandikwa kabisa. Ninapofika hapa kwenye mihadhara yetu huwa nanyamaza kidogo. Mtu asiyeandikwa kwenye daftari, ushahidi wake unabaki ardhini tu.

Huko Ulaya, katika Vita Kuu ya Kwanza, seng'enge iliwekwa safu juu ya safu mbele ya mahandaki. Askari walichoka kupigwa risasi kwa sababu ya kelele za nyundo usiku, wakatengenezewa nguzo za chuma zenye ncha ya kuzungusha, zinazoingia ardhini kimyakimya. Tarehe 1 Julai 1916, kwenye mapigano ya Somme nchini Ufaransa, Waingereza walipiga mizinga wiki nzima wakiamini seng'enge imekatika. Sehemu nyingi haikukatika. Siku hiyo moja walipoteza askari 19,240 waliouawa.

Huku kwetu vita haikuwa ya kukaa mahandakini miaka, ilikuwa ya kutembea. Jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliichukua Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, siku chache baada ya Wajerumani kuizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen, hii tunayoiita Liemba. Tarehe 19 Septemba likaingia Tabora. Kwa hiyo msituletee kila waya wenye kutu mkisema ni wa vitani. Nyingi ni za ranchi, za stesheni, za bustani ya mtu. Ile ya bapa yenye makali kama wembe tunayoikuta huku ni ya juzijuzi.

Lakini Tabora ilikuwa pia mahali pa kifungo. Wajerumani waliwaleta hapa mateka na raia wa nchi adui, wakiwamo wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, na walioingia Septemba ile ndio waliowafungulia. Ndiyo maana tunauliza kuhusu kila ua wa zamani swali moja: ulikuwa unamzuia nani?

Jibu halimo kwenye waya wenyewe. Limo kwenye namna ulivyokaa. Mfugaji hupigilia waya upande wa nguzo walipo ng'ombe, ili mnyama akiusukuma ubane kwenye nguzo badala ya kung'oa misumari. Ua wa kuzuia wezi, ncha za juu za nguzo huinamia nje. Wa kuzuia waliomo, huinamia ndani. Hivi karibuni kijana mmoja alikuja na kiroba. "Shikamoo mama, hii mtanipa shilingi ngapi?" Ndani mlikuwa na seng'enge ya nyaya mbili, miiba yake imekaribiana sana, na kipande cha nguzo ya mninga ambacho mchwa wameshindwa kukimaliza, msumari wa ncha mbili bado umeushika waya. Nikamuuliza, "Mwanangu, upande huu wenye waya ulikuwa umetazama wapi?" Hakujua. Nguzo nyingine zilikuwa zimeshapelekwa kuwa kuni. Hapo hata mtaalamu wa kutoka popote hana la kusema.

Majirani zetu Kenya wanajua uzito wa jambo hili. Miaka ya 1950, ikipambana na Mau Mau, serikali ya kikoloni iliwahamishia watu zaidi ya milioni moja kwenye vijiji vilivyozungushiwa seng'enge na mitaro yenye miti iliyochongwa, mbali ya kambi za kizuizini kama Manyani na Hola. Mengi tunayajua kwa sababu waliofungwa waliandika. Afrika Mashariki ina fasihi kubwa ya kifungo. Mshairi wa Kenya Abdilatif Abdalla, aliyefungwa baada ya uhuru, alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki ndani ya gereza la Kamiti, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Martin Kayamba, aliyefungwa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, aliacha simulizi ya maisha yake iliyochapishwa mwaka 1936. Msomaji wa leo anastahili kupelekwa mahali, aoneshwe, "hapa."

Sasa utaratibu, na naomba usomwe taratibu. Ukikuta seng'enge, nguzo au msingi wa zamani, simamisha jembe hapo tu, si kiwanja kizima. Piga picha kabla ya kugusa, moja ya karibu na moja inayoonesha mti au nyumba. Hifadhi alama ya mahali kwenye simu. Mwarifu mtendaji wa mtaa au kijiji, naye aandike barua yenye muhuri kwa afisa utamaduni wa halmashauri, ambaye atatufikishia sisi. Barua itaje kitongoji, jina la mwenye kiwanja na tarehe ya kuonekana. Barua isiyo na kitongoji tunairudisha, na hapo ndipo watu hudai tunachelewa. Kiwanja kinabaki chako. Hatununui vitu, wala hatuvichukui bila kuandikishana.

Kuchimba kutafuta malikale bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, hata kama shimo liko uani kwako. Kuzisafirisha nje ya nchi bila kibali vilevile. Ukikuta bunduki au risasi, usiibebe kutuletea. Piga simu polisi. Kumiliki silaha bila kibali kumo kwenye makosa ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, ambayo kifungo chake ni kati ya miaka 20 na 30, na "niliiokota" utaieleza mahakamani. Kombora lisigongwe kwa nyundo kwa sababu lina kutu. Baruti ya ndani haijali miaka.

Wazee wa Ng'ambo, Kitete na Gongoni mliosimuliwa na wazazi wenu mateka walilazwa wapi na maji waliteka kisima gani, tunawahitaji kabla ya msimu wa kulima. Mwambieni mtendaji, tutawafuata nyumbani. Hamna haja ya barua.