Je, wajua kwa nini mruko wa Tkachev huenda kinyumenyume?

Mwanagimnastiki anabembea kwenye mwamba wa juu, yaani chuma cha mlalo cha kubembelea, miguu imetangulia kupanda. Mara anaachia, anapita juu ya mwamba kinyumenyume, miguu msamba, kisha anaudaka tena. Mruko huo unaitwa Tkachev, kwa jina la Msovieti Aleksandr Tkachyov aliyeuonyesha mwaka 1977. Kinachoshangaza ni kwamba alipokuwa akibembea, mwili ulizunguka upande mmoja. Akiwa hewani unazunguka upande wa pili. Imekuwaje?

Mzunguko haukugeuzwa hewani. Ukishaachia chuma huna tena cha kusukuma wala kuvuta, kwa hiyo kazi yote humalizika viganja vikiwa bado vimeshika. Mchezaji anashuka kutoka kusimama kwa mikono, anapita chini ya mwamba akiwa amejipinda kama upinde, kifua mbele, kisha anarusha miguu juu kwa kasi. Papo hapo anafanya kinyume: anafungua nyonga na mabega kwa nguvu, miguu inazuiwa, kiwiliwili kinainuka. Mwamba wenyewe, chuma chembamba cha milimita 28 chenye urefu wa mita 2.40, unapinda na kurudi. Nguvu hiyo ya mwamba ndiyo inayoua mzunguko wa kwanza na kuanzisha wa pili.

Muda wa kuachia ni finyu mno. Ukiwahi, unapanda wima bila kurudi nyuma, na unaweza kuuangukia mwamba. Ukichelewa, unarudi nyuma sana bila kimo: mapaja yanagonga chuma, au unapita mbali na vidole vinadaka hewa, na godoro liko mbali chini. Msamba husaidia kwa sababu miguu hupita pande mbili za mikono inayonyooshwa kuutafuta mwamba.

Wanawake waliuchukua mruko huu baada ya miamba yao miwili, mmoja chini na mmoja juu, kutenganishwa kiasi cha kuruhusu mizunguko mikubwa ya mwili ulionyooka. Mwamba wao ni mnene zaidi, milimita 40, kwa hiyo kuushika tena ni kazi. Hata hivyo Mrusi Tatiana Nabieva, mwaka 2010 kwenye mashindano ya dunia mjini Rotterdam, aliupita akiwa amenyooka, bila msamba. Mwili ulionyooka huzunguka polepole kuliko uliokunjwa, hivyo lazima kimo kiongezeke.

Svetlana Khorkina wa Belgorod, bingwa wa Olimpiki wa miamba miwili mwaka 1996 na 2000, alichukua njia nyingine: mruko wa Msovieti Natalia Shaposhnikova wa kutoka mwamba wa chini kwenda wa juu, akauongezea nusu mzunguko.

Mruko ambao hutauona tena mashindanoni ni ule wa Olga Korbut wa Belarusi, enzi za Muungano wa Kisovieti. Mjini Munich, mwaka 1972, alisimama kwa miguu juu ya mwamba wa juu, akajirusha kinyumenyume na kuudaka. Siku hizi kanuni haziruhusu kusimama hivyo.