Mtoto yuleyule, mwaka hadi mwaka: dhana potofu kuhusu takwimu za shule

Dhana: Ufaulu wa darasa la saba ukishuka, walimu wamezembea.

Matokeo yakitoka, huku Dodoma maneno huwa hayo. Lakini wa mwaka jana na wa mwaka huu ni watoto tofauti. Shule inayowabeba hata wanaosoma kwa kusuasua hadi darasa la saba hushuka wastani. Inayowakaririsha wazito hung'ara. Mwalimu apimwe kwa mtoto yuleyule: alipata nini kwenye upimaji wa darasa la nne, akapata nini la saba, na nani alimfundisha, kwa muda gani. Aliyehamia Juni asibebeshwe mzigo wa miaka sita.

Dhana: Aliyeandikwa mtoro ameacha shule.

Nimefundisha Bahi. Kiangazi kikikaza, wafugaji huswaga ng'ombe kufuata malisho, na watoto huondoka nao. Binti mmoja nilimjazia wino mwekundu kwenye rejista wiki baada ya wiki, mwisho nikaandika "mtoro". Mwaka uliofuata nilimkuta wilaya ya jirani, kavaa sare, daftari mkononi. Akaniamkia, "Shikamoo mwalimu." Kule alihesabiwa mwanafunzi mpya, kwangu mtoro. Inaniuma hadi leo. Namba ya PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, inayomfuata mwanafunzi anapohama, ndiyo dawa ya kosa kama langu, mradi anayehama ahamishwe na kwenye mfumo. Vinginevyo tutaendelea kupanga mikakati ya kuwasaka watoro ambao wameketi darasani.

Dhana: Sera ikianza leo, matokeo ya mwakani yataonyesha kama inafaa.

Elimumsingi bila malipo ilianza Januari 2016. Watahiniwa wa darasa la saba wa 2017 walikuwa wameingia darasa la kwanza 2011! Walioanza la kwanza 2016, wasiokariri, walifika la nne 2019 na la saba 2022. Kule Marekani, jimbo la Tennessee lilianza mwaka 1985 kuwagawa watoto kwa bahati nasibu, wengine madarasa madogo, wengine ya kawaida. Faida mojawapo ilionekana miaka mingi baadaye: waliosoma kwenye madarasa madogo walijitokeza zaidi kufanya mitihani ya kuombea vyuo. Ilijulikana kwa sababu kumbukumbu zao zilitunzwa.

Dhana: Kufuatilia hivyo ni kuanika siri za watoto.

Mtafiti hahitaji jina, anahitaji namba isiyobadilika. Jina libaki shuleni, kwenye kabati la mwalimu mkuu.