Aliyepunguza mwendo asiadhibiwe na saa

Vijana wanaoandaa mbio za pikipiki za porini huku Pwani ya Kenya, wakinijia, huuliza kwanza bei ya mtambo wa kupima muda. Nami huwauliza: bendera zenu za kuwaonya waendeshaji zina watu wa kuzishika? Wengine hudhani nakwepa swali. Kazi yangu ni kushika saa ya mbio, na kadiri ninavyoketi kwenye meza ya saa ndivyo ninavyozidi kuona kwamba usalama na haki ya matokeo ni kazi moja. Mwendeshaji akijua kwamba kupunguza mwendo penye hatari kutamnyang'anya nafasi, hatapunguza. Atajifanya hakuona. Kwa hiyo kila kanuni huwa naipima kwa swali moja tu: je, aliyetii amepoteza kitu kwa aliyekaidi?

Chukua bendera ya manjano. Kwa kanuni za motokrosi (mbio za kuzunguka njia yenye matuta) za FIM, shirikisho la kimataifa la pikipiki lililoasisiwa mwaka 1904, manjano ikipepewa maana yake kuna hatari mbele: punguza mwendo, usimpite mtu, usiruke. Hilo la kuruka ndilo vijana hulibishia. Lakini aliyeanguka mara nyingi huwa amelala upande wa pili wa tuta, palepale pikipiki zinapotua, na anayekuja humwona akiwa tayari hewani. Hewani breki haina kazi na usukani hauna kazi. Anayelipanda tuta polepole badala ya kuliruka hupoteza sekunde mbili tatu hivi, na mwenzake aliyeruka huzichuma zilezile. Ndiyo maana adhabu ya kuruka chini ya manjano lazima iwe kubwa kuliko faida yake. Onyo la mdomo halimtishi mtu aliyepata sekunde tatu. Mshushe nafasi kadhaa kwenye matokeo, na mbio zinazofuata wote watakuwa na macho mazima.

Adhabu hiyo inahitaji ushahidi, na ushahidi uko mkononi mwa mshika bendera. Sasa tazama tunavyowatendea. Kijana anapewa kizibao, kitambaa cha manjano na soda moja, kisha anaachwa juani tangu asubuhi hadi alasiri, Februari, joto limepita digrii 30. Kufika saa nane mchana anautazama mwembe, haitazami njia ya mbio. Kwenye tuta kubwa weka watu wawili: mmoja awaelekee wanaokuja, bendera mkononi, mwingine amtazame aliyeanguka na kuandika namba za waliokaidi pamoja na mzunguko wenyewe. Wape maji, kivuli na zamu. Pesa hiyo itolewe kabla ya pesa ya spika za muziki, na hili nalisema nikijua nani atanuna.

Bendera nyekundu ndiyo inayoleta ugomvi mkubwa zaidi. Mbio zimesimamishwa, muda uliokimbiwa umepita nusu, msimamizi ameamua kwamba zimekwisha. Nani mshindi? Watazamaji wamemwona fulani akiongoza bendera ilipotoka, basi wanataka apewe. FIM huhesabu nafasi za mzunguko uliotangulia, ule kabla ya bendera kuonyeshwa. Wapo wanaoona ni dhuluma, hasa yule aliyempita mwenzake kwenye kona ya mwisho. Fikiria kinyume chake. Tukihesabu hali ilivyo wakati bendera inapepewa, aliyeiona kwanza akafunga breki atapitwa na aliyechelewa kuiona, au aliyeamua kutoiona. Tutakuwa tunawalipa watu kwa kukimbia kuelekea mahali daktari amepiga magoti. Kurudi mzunguko mmoja nyuma kunaiondoa faida hiyo kabisa. Waelezeni waendeshaji hili kwenye kikao cha asubuhi, kabla injini hazijawashwa. Likielezwa baada ya mbio linasikika kama hila.

Haya, tuje kwenye mtambo. Transponda ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye pikipiki, mara nyingi kwenye uma wa mbele, na hutoa ishara inayodakwa na waya uliozikwa ardhini kwenye mstari wa kumalizia. Muda husomwa hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde. Watu wakiona tarakimu tatu baada ya nukta huamini ni neno la mwisho. Lakini mtambo unasoma kifaa, na kanuni inasema pikipiki imemaliza pale sehemu yake ya mbele kabisa inapovuka mstari. Kwa kilomita 60 kwa saa, pikipiki huenda karibu mita 17 kila sekunde. Mmoja akifunga transponda yake sentimita 30 nyuma ya mwenzake, tayari amejitwika sehemu 18 za elfu ya sekunde ambazo hakuzipoteza kwenye njia ya mbio. Basi wote wafunge mahali pamoja, na ukaguzi wa asubuhi uliangalie hilo sambamba na breki na helmeti. Pia nataka kamera moja iliyonyooka na mstari, ya kuamua waliofika karibu pamoja.

Na karatasi. Kila mbio, ziwe na mtambo zisiwe nao, mtu mmoja aandike namba kwa mpangilio zinavyopita, mzunguko baada ya mzunguko. Betri hufa, kifaa hung'oka, waya hukatwa na mtu aliyekuja kusimamisha hema. Huku kwetu, masika yakianza, namba nayo hufunikwa na tope jekundu baada ya mizunguko miwili, kwa hiyo mwandishi ajue pia rangi ya helmeti na ya jezi.

Vumbi ndilo adui wa miezi ya kaskazi. Ardhi ya bara ya Mombasa, ukielekea Kilifi au ukivuka kwenda Kwale, ina mchanga na udongo mwekundu juu, na chini yake jiwe la matumbawe lenye makali ya kupasua tairi na goti vilevile. Pikipiki 20 zikitoka pamoja kwenye njia nyembamba, wa tano haoni chochote. Nyunyizeni maji jioni ya kuamkia mbio na kidogo katikati. Ukimwaga lori zima dakika kumi kabla, umetengeneza utelezi. Njia ikiwa nyembamba sana, afadhali enduro: wanaachiwa kwa kupishana dakika, kila mtu anashindana na saa yake. Hapo vumbi hupata nafasi ya kutulia, na hakuna wa kumsukuma mwingine kichakani.

Enduro na mbio ndefu za porini zina jambo jingine ninalolipenda. Kule kichakani hakuna mshika bendera kila kona, anayeokoa ni mwendeshaji anayefuata. Katika Dakar, mbio ndefu za jangwani, aliyesimama kumsaidia mwenzake aliyeumia hurudishiwa muda wake. Mwaka 2020, mwendeshaji Paulo Gonçalves alipoanguka Saudi Arabia na kufariki, mshindani wake Toby Price alisimama kando yake, na dakika zile hazikuhesabiwa dhidi ya Price. Mbio zetu ndogo zinaweza kabisa kufanya hivyo. Kama kuna kifaa cha GPS, kinaonyesha aliposimama na alipoondoka. Kama hakuna, mshika kituo kinachofuata aandike saa aliyopokea habari na namba ya aliyeileta. Kwenye motokrosi haiwezekani kumrudishia mtu muda, kwa sababu wanakimbia bega kwa bega, na ndiyo maana kule manjano lazima iwe kali.

Mstari wa kumalizia usiwekwe mahali pazuri kwa picha. Uwekwe penye nafasi ya kupunguza mwendo baada yake, na watu wazuiwe kwa kamba na walinzi mpaka wa mwisho apite. Tumezoea mshindi akimaliza, ndugu na marafiki wanamvamia, huku wenzake wangali wanakuja kwa kasi. Kwa kanuni za motokrosi wana dakika tano za kumaliza baada yake, na dakika hizo tano njia bado ni njia ya mbio.

Mbio zikiwa kusini mwa Mombasa, muulize dereva wa ambulensi, si mimi, atapita wapi kwenda Hospitali Kuu ya Pwani: feri ya Likoni au barabara ya Dongo Kundu. Aijaribu njia hiyo siku na saa kama zile za mbio. Na ambulensi ikiondoka na majeruhi, kama hakuna ya pili, mbio zisimame hadi irudi. Saa yangu nitaisimamisha kwa furaha.

Mwisho matokeo. Yabandikwe kama ya muda, yakiwa na saa yaliyobandikwa na sahihi, kwa sababu malalamiko hupokelewa ndani ya dakika 30 tangu hapo. Karatasi isiyo na saa juu yake, mtu anaweza kuja kesho yake na malalamiko yake, nami sina pa kumzuilia.